Kwa nini makrofaji humeza bakteria wa TB na kushindwa kuwaua

Swali lilikuwa: ikiwa seli za kinga humeza bakteria wa kifua kikuu, kwa nini mgonjwa anywe dawa miezi 6? Majibu mengi yameishia kusema bakteria kajificha ndani ya seli. Anafanya zaidi ya hapo. Anavuruga kazi ya seli yenyewe, na ukielewa anavurugaje, ratiba ya vidonge nayo inaeleweka.

Makrofaji ya kwenye mapafu, yaani seli ya kinga inayomeza vijidudu, ikimeza kijidudu humfungia ndani ya kifuko cha utando kiitwacho fagosomu. Kwa kawaida kifuko hicho hukomaa: protini ya Rab5 iliyo juu yake huondoka na Rab7 huchukua nafasi, pampu huingiza asidi mpaka pH ishuke hadi 5 au chini yake, halafu kifuko huungana na laisosomu iliyojaa vimeng'enya vya kusaga. Kwa TB mambo hukwama katikati. Rab5 inabaki, pampu hazikai kwenye utando, na pH inasimama karibu na 6.2 hadi 6.4. Bakteria anaishi hapo bila shida.

Anavyokwamisha ni hivi. Utando wa kifuko unahitaji mafuta yaitwayo PI3P ili uungane na laisosomu. LAM, molekuli iliyo kwenye ukuta wa bakteria, huzuia mafuta hayo yasitengenezwe, na kimeng'enya SapM huyaharibu yaliyokwisha kutengenezwa. PtpA, kimeng'enya kingine ambacho bakteria hukitoa hadi kwenye saitoplazimu (majimaji ya ndani ya seli), huzuia pampu za asidi zisifike kwenye kifuko. Njia ni kadhaa kwa kazi moja, ndiyo maana kuziba njia moja tu hakutoshi.

Bakteria ana pia mtambo wa ESX-1, unaotoa protini za ESAT-6 na CFP-10 na kusaidia kutoboa utando wa kifuko. Chanjo ya BCG ilipoteza jeni za sehemu hiyo wakati Calmette na Guérin walipokuwa wakiiotesha tena na tena kati ya 1908 na 1921. Faida yake kwa vitendo: vipimo vya damu vinavyotumia protini hizo mbili havimchanganyi aliyechanjwa na aliyeambukizwa.

Kuhusu chakula, bakteria hula mafuta ya seli, hasa kolesteroli, anayoiingiza kwa mfumo wake wa kusafirisha uitwao Mce4. Madini ya chuma huyanyang'anya kwa mikobaktini, molekuli zake za kunasa chuma. Sumu za oksijeni ambazo makrofaji humwagia huzipunguza kwa kimeng'enya KatG. Na hapa pana jambo la kuzingatia sana: KatG hiyohiyo ndiyo inayoigeuza isoniazidi, mojawapo ya vidonge vya TB, kuwa dawa kamili. Jeni yake ikibadilika, isoniazidi haifanyi kazi, na hiyo ni mojawapo ya njia kuu za usugu.

Seli T, ambazo ni seli nyingine za kinga, zikitoa interferoni gama (kemikali ya kuziamsha makrofaji), makrofaji hupata nguvu na asidi ndani ya kifuko huongezeka. Bakteria wengi hudhibitiwa, lakini wengine huvumilia: protini MarP huwasaidia kutunza pH yao ya ndani, na oksijeni ikipungua ndani ya granuloma (kivimbe cha seli za kinga kinachowazingira bakteria), jeni za DosR huwapunguzia kasi ya maisha. Ndiyo maana VVU vinavyoangamiza seli za CD4 (aina ya seli T), au dawa za kuzuia TNF (kemikali ya kinga inayosaidia kudumisha granuloma), huweza kuamsha TB iliyotulia kwa miaka. Kabla ya kuanza dawa za kuzuia TNF, pima TB kwanza.

Sasa vidonge. Kwa TB isiyo sugu, miezi 2 ya mwanzo ni rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Isoniazidi huua haraka wale wanaogawanyika, hivyo kikohozi na homa hupungua mapema. Pirazinamidi hufanya kazi vizuri penye asidi, dhidi ya wale ambao dawa nyingine huwafikia kwa shida. Waliobaki wakiwa wamepunguza kasi huuawa polepole, hasa na rifampisini, katika miezi 4 inayofuata. Anayeacha mwezi wa tatu kwa kuwa makohozi yamekuwa safi anawaachia nafasi hao hasa.