Moyo wa mama baada ya saratani

Pole sana, dada. Umeuliza kama kuwa wa jamii ya wachache kunahusika na mama yako kuishiwa pumzi, miaka 12 baada ya kupona saratani ya matiti. Huenda kunahusika, ila si kwa sababu ya damu yenu. Doksorubisini (dawa ya kemo ya kuua saratani) na tiba ya mionzi ya kifuani vinaweza kudhoofisha moyo miaka mingi baadaye, hasa kwa mwenye shinikizo la damu lisilotibiwa. Nani atamfuatilia kama bima imekatika, daktari haelewi lugha yake, na hakupewa hata muhtasari wa dawa alizotumia? Inauma mno. Marekani, vifo vya saratani ya matiti kwa wanawake weusi huzidi vya weupe kwa takriban asilimia 40, ingawa weusi huugua saratani hiyo kwa kiwango cha chini kidogo. Mpeleke akapimwe moyo sasa, msingoje, na muombe muhtasari huo.