Mdogo wako anasikia sauti: usimlazimishe mama achague kati ya maombi na hospitali

Dada, umesema mdogo wako wa miaka 21 hajalala vizuri wiki ya pili sasa, anajibizana na watu wasiokuwepo, mama anataka akakae kwa mwombezi siku 40 za kufunga na kukesha, na wewe unataka hospitali. Pole sana. Nakujibu kwa yaliyotukuta sisi Tanga mwaka 2014, kwa mdogo wangu wa kiume.

Naye alianza kwa kukosa usingizi. Kisha akawa anafunika kioo cha kabati kwa kanga ya mama, anasema kuna watu humo ndani wanamtazama. Nyumbani hakuna aliyetamka neno ugonjwa. Tulisema ni jini, hata mimi. Tukamwita sheikh wa mtaani, akamsomea na kumwandikia kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi ya waridi, akanywa. Alitulia. Siwezi kukudanganya kwamba kisomo kile hakikumsaidia, maana majirani walishaanza kumkwepa, na pale alikuwa amekaa katikati ya watu wanaomwombea, sheikh kamshika kichwa kwa upole.

Ila sauti hazikuondoka. Mjomba akaleta mganga, naye akasema jini hili ni kaidi, afungwe mnyororo chumba cha uani mpaka litaje jina lake. Akafungwa siku tisa. Kovu liko kwenye kifundo cha mguu mpaka leo. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji, na ufunguo ulikuwa umetundikwa ukutani, naupita kila asubuhi. Hilo sijalisahau.

Mwishowe tulimpeleka hospitali, nao walianza na vipimo: malaria, VVU, sukari, wakauliza habari za kifafa na bangi, kwa sababu hayo nayo huweza kumvuruga mtu akili. Akaanzishiwa haloperidol, dawa ya kupunguza sauti hizo. Siku ya tatu shingo ikapinda, macho yakageukia juu, ulimi ukatoka nje. Nyumba nzima ikapiga kelele kwamba jini linapigana na dawa! Mama akavificha vidonge ndani ya mtungi. Kumbe ni athari ya dawa yenyewe, madaktari wanaijua. Alipopewa Artane, dawa ya kuondoa athari hiyo, kufika jioni shingo imenyooka. Tungeambiwa mapema tusingepotezana. Nakusihi umuulize daktari habari hiyo siku ya kwanza, mama akiwepo asikie kwa masikio yake, maana nimeona familia nyingi zikiacha dawa hapo hapo.

Aliyemrudisha mama kwenye vidonge ni yule yule sheikh. Alimkumbusha hadithi ya Mtume kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia shifaa, kisha akamwuliza, "Sasa mama, nani kakwambia shifaa hiyo haiwezi kuja kwa kidonge?" Toka siku hiyo mama akawa anampa dawa baada ya Isha, anamsomea Ayatul Kursi, wanalala. Ilichukua kama wiki tano sauti kupungua. Leo anachoma sindano kila mwezi, anatengeneza baiskeli, na kisomo hajaacha. Mimi simwambii achague, kwa sababu dawa ilizinyamazisha sauti, na imani ndiyo iliyomfanya akubali kuishi na ugonjwa bila kujiona amelaaniwa.

Kinachonitisha ni mtu kuambiwa aache dawa. Loliondo mwaka 2011 watu walipanga foleni ya kikombe cha dawa ya Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500, na wapo wagonjwa wa VVU walioacha ARV wakiamini wamepona.

Kwa hiyo nenda na mama kwa huyo mwombezi, mmuulize kwa heshima: Dawa ataendelea kumeza? Atalala wapi, na mlango una kufuli? Atakula? Akikubali dawa, kula na kulala, mwacheni amwombee kila siku, tena nyumbani kwenu. Mikesha ikataeni. Mtu ambaye hajalala wiki mbili, ukimkesheza unazidi kumharibu.

Na akianza kusema anaamriwa ajiue au amdhuru mtu, usingoje kikao cha ukoo. Ni hospitali usiku huo huo, mama akiwa pembeni yake na Biblia yake mkononi.