Hela ya kuzurura Osaka natoa wapi

Swali limekuja tena, safari hii kutoka kwa binamu yangu wa Mbagala: "Kaka, kila Jumapili picha mpya. Leo kasri, kesho mnara, kesho kutwa bustani. Halafu tukikuomba hela ya ada unasema mwezi mgumu. Hiyo ya kuzurura inatoka wapi?" Najua wengine mnaliwaza ila mna staha, kwa hiyo namjibu yeye na nyie mnasikia.

Haitoki popote, binamu. Karibu kila sehemu unayoiona kwenye zile picha za hapa Osaka, Japani, haina kiingilio. Nafanya kazi usiku, kiwanda cha vyakula vya boksi, nimesimama zamu nzima napanga wali na vipande vya samaki kwenye mkanda unaotembea. Chumba changu ni kidogo, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Siku ya mapumziko nikishinda humo nitachizika, basi natoka. Wikendi tiketi ya metro ya siku nzima ni yeni 620, unapanda na kushuka mpaka uchoke. Chakula nabeba. Ada nitatuma mshahara ukiingia, nusu kwanza, nusu mwezi unaofuata. Hilo tumelimaliza.

Ile picha ya kasri mliyoisifia sana: uwanja wake wote ni bustani ya wazi, wazee wanatembeza mbwa humo. Kinacholipiwa ni kupanda ndani ya jengo, na mimi sijapanda wala sina haraka. Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wa enzi hizo, alianza kujenga kasri lake hapo mwaka 1583, lakini hili mnaloliona ni la zege, la mwaka 1931, lilijengwa kwa michango ya wakazi, na ndani lina lifti. Cha kale kweli ni mawe ya kuta. Ukiingia lango la Sakura unakutana na jiwe moja wanalolikadiria kuwa na tani 108, lilivushwa baharini kutoka visiwani katika karne ya 17, enzi ambazo hakuna injini ya aina yoyote. Pembeni kwa chini lina doa la kahawia lenye umbo la pweza. Watalii wanalipita wakikimbilia mnara.

Ila kama kuna kitu cha Osaka nataka mkijue nyie watu wa Kigamboni, ni pantoni. Ndiyo, pantoni! Jiji lina vivuko vinane, vyote bure kwa mtembea kwa miguu na mwenye baiskeli, na vimekuwa bure tangu mwaka 1920, kwa hesabu kwamba mto ukikata barabara, chombo cha kuuvuka ni sehemu ya barabara. Vingi viko upande wa wilaya ya Taisho, magharibi, ambako ardhi imezungukwa na mito na mifereji. Ni sehemu ya viwanda vya chuma na magodauni, mtalii hafiki. Unakuta kibanda, benchi, ratiba ukutani. Chombo chenyewe ni kidogo, gari haliingii. Watu wanaingia na baiskeli zao, wanasimama wamezishika, dakika mbili tatu mko ng'ambo. Hakuna geti la kadi, hakuna kusukumana, hakuna muuza karanga. Nakiri huyo wa karanga namkosa.

Juu ya kivuko kimoja limepita daraja la Senbonmatsu, la mwaka 1973. Limeinuliwa sana ili meli zipite chini, kwa hiyo ncha zake zote mbili zimejizungusha mduara ili magari yapate kupanda taratibu. Kwa gari raha. Kwa mama mwenye baiskeli na mfuko wa mchele, ule ni mlima. Ndiyo maana pantoni ya chini haijafa mpaka leo, na sisi tuliopata daraja la Kigamboni mwaka 2016 na bado tunapanga foleni ya pantoni Magogoni hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Taisho hiyohiyo wamejaa watu wenye asili ya Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, wazazi na mababu zao walikuja kutafuta kazi viwandani. Wana vimgahawa vyao na tambi zao. Nguruwe yumo karibu kila sahani, mimi naagiza karela. Karela kabisa, chungu ileile, wanaikaanga na mayai.

Sasa upande ambao hamjawahi kuuona. Mmeona picha ya Shinsekai, ule mtaa wa mataa na mnara wa Tsutenkaku, wa kwanza ulisimama 1912, huu wa sasa ni wa 1956. Kutoka hapo ukitembea kidogo kuelekea kusini unaingia Kamagasaki, jina ambalo kwenye ramani za serikali halipo. Huko ni wazee, wanaume karibu wote, gesti za bei ya chini za vyumba vya kulala mtu mmoja, baiskeli zilizofungwa mifuko ya makopo ya alumini imejaa hadi inamficha mwendeshaji. Wengi walikuja vijana, vibarua wa kutwa, wakati Osaka inajengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1970. Kazi ziliisha, umri ukaenda. Sipigi picha hapo. Kwa hiyo anayeniambia Japani hakuna maskini, ameiona Japani ya kwenye simu yangu.

Kuhusu watu: wa hapa wanaongea kuliko nilivyotishwa kabla ya kuja. Mama wa makamo akikaa karibu nawe kwenye benchi anaweza kukupa pipi kutoka mkobani na kukuuliza umetoka wapi. Lakini kadi ya ukaazi natembea nayo muda wote, ni sheria, na polisi akiniona kwenye baiskeli usiku nikitoka kazini hukagua namba ya usajili wa baiskeli hiyo. Wenyeji pia hukaguliwa. Mimi zaidi.

Shangazi, wewe uliuliza uje mwezi gani. Njoo mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, maua ya sakura, na ikisogea Aprili kuna kiwanda cha kutengeneza sarafu ambacho hufungua njia yake ya miti kwa takriban wiki moja, desturi ya tangu 1883. Bure pia, ila siku hizi lazima ujiandikishe mtandaoni, nitakufanyia. Agosti usije, jasho lake si la Dar, upepo wa bahari haufiki. Niambie mapema tarehe ili niombe zamu, na viatu uje navyo vya kutembelea, vile vya kisigino viache Tandika.