Barua 22 na chupa ya chai: namna nilivyopata fildi (mafunzo ya vitendo kazini) kwenye ofisi ya mawakili

Juzi usiku binti mmoja wa mwaka wa tatu wa sheria aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimepeleka maombi ya fildi ofisi 14, hakuna hata moja iliyojibu. Wenzangu wana wajomba mawakili. Baba yangu mimi ni fundi cherehani. Nifanyeje?"

Niliitikia marahaba, nikamwahidi kumjibu kwa kirefu. Usingizi ukanipaa, maana mwaka 2019 nilikuwa pale pale alipo yeye. Mama yangu anauza mboga Mabibo, Dar es Salaam. Katika ukoo wetu mzima, mtu pekee aliyewahi kuingia mahakamani kabla yangu ni baba mdogo, naye alikwenda kama mdaiwa.

Mwaka ule mama alinipa shilingi elfu ishirini kutoka kwenye fedha zake za kikoba. Nikaenda steshenari, nikaandika barua moja nzuri, nikabadilisha jina la ofisi mara 22, nikachapa na kuzitia kwenye bahasha za kaki. Nikapanda mwendokasi hadi Posta. Siku mbili nilitembea kwa miguu Samora, Ohio na Upanga, napanda ngazi, nasaini kitabu cha mlinzi, naacha bahasha mapokezi. Wiki mbili zikapita kimya.

Nikaamua kurudi kwenye ofisi moja niliyokuwa naitamani kuliko zote. Dada wa mapokezi akaniambia wakili yuko mahakamani. Wakati anasema hivyo, macho yangu yalikuwa mezani kwake. Niliuona mwandiko wangu. Bahasha yangu ilikuwa imewekwa chini ya chupa ya chai, ina duara la kahawia lililokwisha kukauka, na gundi bado imeshika. Hakuna aliyeifungua. Nikamwomba anirudishie. Akainua chupa, akanipa bahasha bila kusema neno. Miaka imepita na leo mimi ni wakili, lakini nikipita mbele ya jengo lile moyo unaniuma vile vile.

Nilikaa kituoni nikaifungua mwenyewe. Nikasoma: "Mimi ni mwanafunzi mchapakazi, ninayejituma, ninayeweza kufanya kazi kwa kushirikiana na wengine." Aya ya pili, mimi. Aya ya tatu, mimi tena, na ndani yake jina la ofisi nyingine ambalo nilisahau kulibadilisha. Niliisoma mara nne. Hakukuwa na sentensi hata moja iliyoonyesha kwamba najua wale watu wanafanya kazi gani.

Asubuhi yake sikwenda steshenari. Nilikwenda Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, nikakaa kwenye benchi la nyuma. Wanafunzi wengi hawajui, au wanaogopa, lakini mashauri mengi husikilizwa mbele ya watu wote na hakuna anayekuuliza umefuata nini. Nilikaa siku tatu. Mengi niliyoyaona yalikuwa ni mashauri kuahirishwa. Siku ya tatu akasimama wakili mmoja mama wa makamo, sauti ya chini, faili lake limefungwa kwa utepe mwekundu. Upande wa pili ulikuwa umeleta pingamizi la awali, yaani hoja ya kutaka shauri litupwe kabla halijasikilizwa, kwamba dai limepitwa na muda. Yeye akajibu kwamba ili mahakama ijue muda ulianza kuhesabiwa lini, ni lazima isikie ushahidi wa siku ambayo barua ya madai ilipokelewa, na pingamizi linalohitaji ushahidi si pingamizi la awali.

Niliijua hoja ile. Kila aliyesoma sheria Afrika Mashariki amekaririshwa shauri la Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors la mwaka 1969: pingamizi la awali liwe hoja tupu ya sheria. Nilikuwa nimelijibia mtihani. Siku ile ndipo nilipomwona mtu analitumia kumtetea mteja aliyekaa pale pale pembeni yake, ameshika kofia mapajani.

Usiku nikaingia TanzLII, tovuti ambako hukumu za mahakama zetu zinapatikana bure, nikatafuta mashauri ambayo mama yule alisimama. Nikasoma matatu. Kisha nikaandika ukurasa mmoja kuhusu namna mahakama zetu zinavyotenganisha hoja ya sheria na hoja ya ushahidi kwenye suala la muda. Barua yenyewe ilikuwa na aya tatu fupi. "Nilikusikia Kisutu Alhamisi. Nimesoma haya, na huu hapa ukurasa nilioandika. Nina wiki kumi na naweza kufika ofisini saa moja asubuhi kila siku." Nikalisoma jina lake herufi kwa herufi kabla ya kufunga bahasha.

Baada ya siku mbili simu ikaita, alikuwa ni wakili yule. "Nani amekufundisha kulisoma pingamizi hivi?" Nikasema hakuna, nilikaa nikasikiliza. "Njoo Jumatatu."

Hiyo ilikuwa barua ya 23. Mdogo wangu, soma tena aya nne zilizotangulia, kwa sababu ushauri wangu wote umo humo.

Sitaeleza wiki kumi zote, sehemu kubwa zilikuwa kutoa kopi na kupanga foleni masjala, ofisi ya majalada ya mahakama, kuulizia jalada. Ila siku ya kwanza wakili alinipa shajara ya ofisi na penseli nyekundu. Mteja mpya alikuwa ametuletea hati ya madai aliyofunguliwa mahakamani. Akanionyesha namna ya kuhesabu siku 21 za kuleta utetezi: siku ya kupokea wito haihesabiwi, hesabu inaanza kesho yake. Nikaandika tarehe ya mwisho, akanikatalia. "Andika na siku tano kabla yake. Tarehe ya mwisho ni ya mahakama. Hii nyingine ni yako." Mpaka leo shajara yangu ina tarehe mbili kwa kila shauri.

Nilimaliza chuo, nikapita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile tunayoiita Shule ya Sheria, na sasa ni wakili katika ofisi ile ile iliyonipokea. Nasema kwa kujivuna na sioni aibu. Sikubebwa na mjomba.

Na sasa mimi ndiye ninayesoma barua zenu. Kila bahasha inayofika naifungua mwenyewe, nilijiapiza hivyo. Lakini ndugu zangu, mnaniumiza. Mwezi huu nimesoma barua zaidi ya arobaini, na karibu zote zinasema "mchapakazi, ninayejituma". Zimeandikwa kwa "Ndugu Meneja Rasilimali Watu" wakati ofisi yetu ina mawakili wanne na karani mmoja. Ofisi ya mawakili haitafuti mtu mwenye sifa nzuri, inatafuta mtu ambaye akipewa kazi saa mbili, saa nane ataileta imekamilika. Onyesha hilo kwenye karatasi. Ambatisha ukurasa mmoja wa kazi yako. Tafuta shauri moja ambalo ofisi hiyo imesimamia, ulisome, useme umeelewa nini. Narudia: ukurasa mmoja wa kazi yako.

Mtaniambia kujuana kupo. Kupo, nimeona kwa macho. Nilikaa fildi na kijana aliyeletwa na simu ya baba yake, akapewa meza dirishani wakati mimi nilikuwa nakaa na printa. Iliniuma. Hata hivyo printa ndiyo iliyonifundisha, maana kila waraka uliotoka ofisini ulipita mikononi mwangu na niliusoma ukiwa bado moto.

Mwezi Oktoba 2022 nchi nzima ilizungumza pale matokeo ya Shule ya Sheria yalipoonyesha wanafunzi 26 tu kati ya 633 wamefaulu moja kwa moja, hadi serikali ikaunda kamati chini ya waziri wa zamani, Dkt. Harrison Mwakyembe. Yalisemwa mengi kuhusu mitaala na walimu. Mimi ninachojua ni hiki: aliyeandaa hati ya kiapo halisi, yaani maelezo ya maandishi yanayotolewa chini ya kiapo, ikarudishwa masjala kwa kukosa tarehe kwenye sehemu ya uthibitisho, hataisahau tarehe hiyo kwenye mtihani. Fildi si kugongewa mhuri kwenye logibuku, daftari la kumbukumbu za kila siku. Kama huwezi kukaa siku tatu kwenye benchi la mahakama bila malipo, jiulize kama kazi hii unaipenda au unaipenda suti yake.

Na msikidharau Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, na bado napokea barua za vijana wasioweza kuandika aya moja safi ya Kiswahili cha kisheria. Mwanafunzi anayeweza kugeuza hati ya kiapo kutoka Kiingereza bila kupotosha maana, namwita kesho yake.

Kuhusu fedha, ofisi nyingi hazilipi fildi. Uliza nauli, uliza kwa adabu, ukiwa umeshaitwa. Kunyamaza kisha ukaacha kuja wiki ya tatu kwa kukosa nauli kunamfungia mlango na anayekuja baada yako.

Binti wa fundi cherehani amenijibu leo mchana. Kesho anakwenda Kisutu. Nimemwambia azime simu kabla ya kuingia, asimame hakimu anapoingia, na akae upande ambao atawasikia mawakili vizuri.