Jibu: Treni ndogo za mfano kulegea kwenye meza mpya za klabu

Ndugu, umeuliza kwa nini treni zenu ndogo za mfano zinakimbia vizuri kwenye meza za zamani lakini zinalegea zikifika upande mliouongeza, na kama mnunue vichwa vipya vya treni. Msinunue chochote kwanza. Mimi naona ni umeme unaopungua njiani.

Vile viungio vidogo vinavyoshika reli na reli havifai kutegemewa kubeba umeme. Vikilegea au kuchafuka, volti hushuka. Pitisheni nyaya mbili nene za shaba chini ya meza zote, kisha lehemuni waya mfupi kutoka kila kipande cha reli hadi kwenye waya wa upande wake. Inachosha mgongo kweli, ila mtaifurahia miaka mingi.

Kama mnaendesha kwa mfumo wa kidijitali, gusisheni sarafu kwenye reli zote mbili kule mwisho: mtambo unaolisha reli umeme unapaswa kujikata papo hapo. Usipojikata, nyaya ni nyembamba, na siku treni ikiacha njia na kugusisha reli mbili kama sarafu hiyo, plastiki inaweza kuyeyuka.

Angalieni na mwinuko pia. Zaidi ya sentimita 2 kwa kila mita 1, treni ndefu itahangaika hata umeme ukiwa mzuri.