Kubalianeni Mpangilio wa Nyaraka Kabla Amri Haijamgomea Mtumiaji

Msimu mmoja wa zabibu, karani wa chama cha msingi cha ushirika upande wa Hombolo alinipigia simu kuniambia kwamba programu imegoma kuhifadhi nakala ya akiba ya mizani ya siku hiyo. "Kaka, nimenakili kama mlivyoandika nyinyi," alisema, na alisema kweli. Programu hiyo ni huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuuboresha, nami ni mmoja wa watu wachache tunaojitolea kuitunza tukiwa hapa Dodoma. Nilipoufungua mwongozo wetu, nilikuta kwamba mwenzetu aliuandika kwanza kwa programu ya kawaida ya kuandikia barua, kisha akaubandika kwenye faili ya Markdown, lugha nyepesi ya kupanga maandishi kwa alama za kawaida. Vistari viwili vilivyotangulia chaguo la amri vilikuwa vimegeuzwa kuwa kistari kimoja kirefu, na alama za kunukuu zilizonyooka zimekuwa zilizopinda. Jicho la mtu huipita tofauti hiyo bila kuiona, lakini kwa terminali, dirisha la kuandikia amri za kompyuta, hizo ni herufi nyingine kabisa. Wakulima walisimama na kreti zao hadi jioni, na zabibu iliyokwisha kukatwa haivumilii jua. Tangu siku hiyo sikubali mpangilio wa nyaraka uitwe urembo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote anayeanzisha mradi huria ni kwamba mpangilio ukubaliwe na kuandikwa mapema, na kanuni za kwanza ziwe zile zinazomlinda msomaji anayenakili amri. Kwetu kila amri hukaa kwenye kisanduku chake cha msimbo, bila alama ya dola mwanzoni, kwa sababu mtu akiinakili pamoja na alama hiyo amri haitafanya kazi. Kitu ambacho msomaji anapaswa kukibadilisha, kama jina la chama chake, huandikwa kwa herufi kubwa zilizounganishwa kwa mstari wa chini, na si vinginevyo. Zamani tulikuwa na mitindo mitatu, na mmoja wao ulitumia mabano yenye ncha, ambayo terminali huyaelewa kama agizo la kusoma au kuandika faili. Msomaji aliyeyaacha mabano hayo alipata kosa ambalo mwongozo haukulieleza popote.

Saa nazo zinahitaji kanuni, na hapa sisi Waswahili tuna jambo letu ambalo miongozo ya wageni haitatukumbusha. Tuliwahi kuandika kwamba nakala huhifadhiwa "saa 8:00", tukimaanisha saa ya seva, yaani saa mbili asubuhi. Karani mmoja akaielewa kuwa saa nane mchana, tena kwa haki kabisa. Sasa tunaandika saa ya seva kwa mfumo wa saa 24, na pembeni yake saa ya Kiswahili kwa maneno: 20:00, saa mbili usiku. Tarehe tunaziandika kwa kufuata ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, mwaka ukitangulia, kwa kuwa 03/04 kwetu ni tarehe tatu Aprili na kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi.

Kuhusu lugha ya mpangilio yenyewe, kusema "tunatumia Markdown" hakutoshi. John Gruber alipoitoa mwaka 2004 aliieleza kwa maelezo ya kawaida na programu ya kuigeuza kuwa HTML, lugha ya kurasa za wavuti, bila kufunga kila mwanya, hivyo kila zana ikatafsiri kivyake. CommonMark, kanuni kamili za Markdown, ilianzishwa mwaka 2014 ili kuziba mianya hiyo, na GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, ikajenga kanuni zake juu yake mwaka 2017. Sisi tulilijua hilo kwa maumivu: kisanduku cha amri kilichowekwa katikati ya hatua bila kusogezwa ndani kiliikata orodha, na hatua tuliyoandika kuwa ya 4 ikaonekana ya 4 kwenye ghala la msimbo lakini ya 1 kwenye tovuti. Taja kanuni mnayofuata, kwa jina, katika mwongozo wa wachangiaji. Ikiwa mradi wenu unatumia reStructuredText, lugha nyingine ya mpangilio, na Sphinx, zana inayoigeuza kuwa kurasa, kama kerneli (kiini) ya Linux ilivyoanza kufanya mwaka 2016, hakuna ubaya. Ubaya ni kuchanganya.

Ukaguzi wapeni mashine. Mchangiaji mpya akiambiwa na mtu kwamba nafasi zake zimekosewa huona amekemewa, lakini akiambiwa na markdownlint, programu inayokagua faili za Markdown, hurekebisha na kuendelea. Hata hivyo, msiwashe kanuni zote kwa pamoja. Sisi tulifanya hivyo, makosa yakamwagika kwa mamia, na vijana wawili waliokuwa wakichangia vizuri hawakurudi. Tulianza upya na kanuni tano. Angalieni pia EditorConfig, faili inayoviambia vihariri vya maandishi kanuni za nafasi, isifute nafasi zilizo mwishoni mwa mistari wakati kuna mtu anayezitumia kukata mstari kwenye Markdown. Katika CommonMark mkwaju wa nyuma (\) mwishoni mwa mstari hufanya kazi hiyo bila kufutwa.

Nyaraka za zamani zinahitaji subira zaidi. Mabadiliko ya mpangilio yasichanganywe na mabadiliko ya maudhui katika ombi moja la kuchangia, kwa sababu mkaguzi hataliona neno moja lililobadilishwa kati ya mistari mia tatu iliyosogezwa. Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, tangu toleo la 2.23 la mwaka 2019 inaweza kupewa orodha ya mabadiliko ya kurukwa inapoonyesha nani aliandika mstari upi, na hapo ndipo tunapoweka yale ya mpangilio tu. Kila sentensi tunaipa mstari wake kwenye faili, na mfasiri anayeoanisha Kiswahili na Kiingereza huona mara moja iliyobadilika.

Hatukuanza na ukurasa wa kwanza. Tulianza na ule wa kuhifadhi na kurejesha nakala za akiba, ukafuata wa kusakinisha, kisha wa kuchapa stakabadhi za wakulima, kwa mpangilio wa simu tulizokuwa tukipigiwa. Kurasa za historia ya mradi bado ziko katika mtindo wa zamani, na zitasubiri.