Usikate hariri kwa patani ya makumbusho kabla hujasoma hapa

Weka mkasi chini kwanza. Umeandika kwamba Jumamosi unapeleka stationari mchoro wa patani (vipande vya kukatia nguo) ya gauni la karne ya 18 kutoka kitabu cha Janet Arnold, Mwingereza aliyechora patani za nguo za makumbusho, waukuze, halafu ukate hariri moja kwa moja kwa ajili ya onyesho la chuo. Mimi niliharibu mahameli ya mteja kwa njia hiyohiyo.

Mwalimu wetu wa ubunifu ndiye alituambia patani ya makumbusho haihitaji kujaribiwa, eti imetolewa kwenye nguo halisi. Hadi leo nikimkumbuka napandwa na hasira! Kutolewa kwenye nguo halisi ndiyo sababu ya kuijaribu. Arnold alikuwa akipima nguo kuukuu zilizohifadhiwa, kila moja imeshonewa mwanamke mmoja aliyebanwa na koseti (vazi gumu la ndani la kubana kiwiliwili), akaichora kama ilivyo. Patani za dukani, kama zile alizoanza kuuza Ebenezer Butterick kule Marekani mwaka 1863, hupangwa kwa saizi ili wanunuzi wengi wapate ya kuwafaa. Hiyo uliyonayo ni ya mwili wa mtu mmoja tu.

Angalia kipande cha mgongo kwenye mchoro wako. Ni chembamba, kwapa limeingia ndani, mshono wa bega umeangukia nyuma, kwa sababu koseti ilivuta mabega. Mteja wangu alivaa bila koseti: mbele hapakufunga, na alipoinua mkono, kwapa likaachia. Tena michoro ya Arnold haina nafasi ya mshono, ule ukingo wa ziada nje ya mshono. Ule mstari ni wa kupitisha sindano. Mimi nikapitisha mkasi. Mahameli ukishakata fupi huungi, kiraka kinaonekana toka mlangoni. Nikalipa kitambaa kipya, na ushonaji nikafanya bure.

Kwa hiyo: marekani (kitambaa cha pamba cha kujaribia) kwanza, hariri baadaye. Mchoro ni moja ya nane ya ukubwa wa nguo halisi, mraba mmoja ni inchi 1 ya nguo. Ukitoka stationari pima miraba 10 kwa tepu, wima na mlalo; isipokuwa inchi 10 kamili rudisha karatasi, mashine imeharibu vipimo. Ongeza nafasi ya mshono pande zote, ukate marekani, umvalishe mwanamitindo wako juu ya koseti, aketi, ainue mikono. Piga picha za mgongo na ubavu uziweke hapa tuzione kabla hujaifungua hiyo hariri.